Jumamosi za Matanga ya Bwana Voss

Ijumaa, Desemba 27

Bwana Voss amezama ziwani. Nimeanza na hilo kwa sababu kila nikitaka kuanza na jingine linanirudisha papo hapo.

Nilikuwa likizo ya siku nne Flemingdon Park, kwa watu wa kanisani, nikila chapati na kulala hadi saa tatu, ndipo simu ikalia. Alikuwa Bi Voss, mkewe, ajuza wa miaka sabini na minane, akizungumza kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia maziwa yamekwisha. "Winfred, Egon ametumbukia kwenye barafu. Rudi leo. Na upitie mkate."

Nimerudi nyumbani kwao Etobicoke na mkate. Nimemkuta jikoni, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Anasema aliteleza kwenye ngazi akikimbilia msaada. Wana nyumba ya magogo kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa gari, kando ya ziwa, mahali ambapo simu haishiki na jirani ni msitu. Kila Krismasi huenda huko wawili tu, wakanuniana kwa amani. Jana asubuhi Bwana Voss alikwenda kuvua kwenye shimo lake la barafu. Mchana mkewe alipokwenda kumwita ale, alikuta kigoda chake na shimo limebomoka. Leo polisi wamepeleka wapiga mbizi. Hawajapata mtu.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Bi Voss husoma kila karatasi iliyoachwa mezani, hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Nilifundisha Kiswahili shuleni Nkubu miaka kumi na mitano. Sikujua kitakuja kunifaa kwa kujificha.

Na niseme la moyoni maana hapa hakuna wa kunihukumu. Nilipokata simu sikumwaza Bwana Voss kwanza. Nilimwaza Michelle. Binti yangu ana miaka kumi na sita, anaishi kwa dada yangu Nkubu, na ili nimlete huku ninahitaji barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba nimefanya kazi ya kutunza wazee miaka miwili kamili. Miaka hiyo inatimia Februari 28. Mgonjwa niliyeajiriwa kumtunza alikuwa Bwana Voss. Mgonjwa akiwa chini ya barafu, kazi iko wapi?

Jioni Bi Voss akasema bila kuulizwa: "Sasa utanitunza mimi. Mkono umevunjika. Mkataba ni mkataba."

Nilitaka kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa.

Jumamosi, Desemba 28

Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Hakuna habari.

Jumatatu, Desemba 30

Tumekwenda kaskazini kuchukua vitu vyao. Afisa wa polisi wa huko anaitwa Lloyd, mtu mpole mwenye masharubu yanayoshika barafu akizungumza. Ametuonyesha ziwa. Ni jeupe mpaka jicho linachoka. Lile shimo limekwisha kuziba, na theluji imelala juu yake bila alama. Lloyd anasema utafutaji umesimamishwa kwa sababu barafu inaongezeka unene kila siku, na kwamba ziwa litamrudisha mzee lenyewe, pengine Aprili. Alisema kwa heshima, kofia mkononi.

Lloyd alipokuwa nje mimi nilikuwa ndani ya nyumba nikikunja mataulo. Nyuma ya jiko la kuni nikaona mabuti ya Bwana Voss yameanikwa yakauke.

Bwana Voss alikuwa na jozi moja tu ya mabuti. Najua, maana tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha kila asubuhi, naye akinikaripia kwa Kijerumani kwamba nakaza kamba mno. Mtu huyo asingetoka hata kwenda kutazama hali ya hewa bila mabuti yale.

Bi Voss aliniona nikiyatazama. Akayachukua kwa mkono wake mzima, akayatia kwenye mfuko wangu juu ya mataulo. Tukatazamana. Nikafunga zipu.

Nimeandika nikafunga zipu. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumatano, Januari 1

Mwaka mpya. Bi Voss amenipa soksi za sufu. Ni kubwa mno. Nadhani zilikuwa za marehemu. Mabuti yako chini ya kitanda changu.

Jumapili, Januari 5

Leo nimefanya kosa, na ni kosa ambalo Mkenya peke yake anaweza kulifanya. Nimesimama kanisani nikaomba maombi kwa ajili ya nyumba ninayofanyia kazi, kwa kuwa imefiwa.

Ningesema nimefiwa na paka ningekuwa salama zaidi. Kabla sijaketi, Mzee Philip alikuwa ameshatoa daftari. Mzee Philip ni mwenyekiti wa kamati ya kutembelea wafiwa. Siku za kazi yuko ghalani Downsview akipanga masanduku, na wafiwa anatupanga vile vile. "Tutafika Jumamosi saa tisa," akasema. "Akina mama watakuja na chai."

Nikamwambia yule mama ni Mjerumani, hapendi wageni, na hata mwili haujapatikana. Akanitazama kwa huruma. "Winfred, kwani ni Wakenya tu wanaofiwa?"

Jumatano, Januari 8

Sijamwambia Bi Voss. Nimezoa theluji mlangoni mara mbili. Labda Jumamosi kutakuwa na dhoruba.

Jumamosi, Januari 11

Hakukuwa na dhoruba. Jua limewaka kama la harusi.

Saa tisa kamili kengele ikalia. Watu kumi na wanne, thamosi nne, sufuria mbili za chapati zilizofunikwa kwa vitambaa, na wimbo ulioanza tangu kwenye magari. Bi Voss alifungua mlango akiwa na aproni. Mama mmoja akamshika shingoni akaanza kulia kwelikweli, machozi ya mtu anayemjua marehemu. Bi Voss alisimama wima, mkono wa plasta ukiwa juu hewani kama askari wa barabarani.

"Ni akina nani hawa?" akaniuliza.

"Ni watu wangu. Wamekuja kukupa pole."

"Nani amewaalika?"

"Kwetu haalikwi mtu."

Nilidhani atawafukuza. Lakini walikuwa wameshavua viatu, na ninaamini ni viatu vilivyomshinda. Alikitazama kile kichuguu cha viatu mlangoni kwake, akainama, akaanza kuvipanga kwa ukubwa. Alipomaliza watu walikuwa wameketi.

Jirani yetu Edwina naye akaja, amefuata harufu. Edwina ni Mgoa wa Nairobi, kazaliwa Pangani, na Kiswahili chake hakijawahi kukanyaga darasani. "Mimi na hii mzee tuligombana fence miaka ishirini," akanong'ona, akichukua chapati ya pili. "Roho yake ilikuwa mbaya kabisa. Lakini maskini, baridi namna hii."

Kisha Mzee Philip akasimama kufanya lile linalofanywa. Kila kundi linapofika kwenye msiba, mtu wa familia husimama akaeleza jinsi marehemu alivyotoka duniani, tangu mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Akamweleza Bi Voss kwa Kiingereza chake chenye Kimeru hadi kwenye koma: "Mama, kwetu mfiwa haachwi na neno peke yake. Tuambie, mzee alitutoka vipi?"

Bi Voss akaeleza kwa sentensi tano, zile zile alizompa Lloyd. Desemba 26, asubuhi, ndoana, kigoda, shimo. Zilikuwa zimepigwa pasi. Ingekuwa insha ya mwanafunzi wangu ningeandika pembeni: umekariri.

Walipoondoka alisimama dirishani mpaka gari la mwisho likakata kona. "Wamesahau thamosi moja," akasema.

"Hawajasahau. Wataifuata."

"Nani atakuja?"

"Wazee. Halafu wale wa Downsview walioshindwa leo. Halafu vijana. Halafu wote tena."

Hakuuliza zaidi. Aliiosha ile thamosi mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Jumanne, Januari 14

Klabu yao ya Wajerumani imeleta kadi yenye picha ya msonobari. Maneno yamechapwa tayari, chini kuna sahihi sita. Ndiyo hiyo tu. Ameisoma mara moja akaitia kwenye droo ya betri.

Jumamosi, Januari 18

Wazee na watu wa Downsview, kumi na mmoja. Bi Voss alikuwa ametoa vikombe tangu saa sita, akafunika kila kimoja kwa sahani. Mzee Philip akauliza tena, neno kwa neno. Bi Voss akaeleza tena, ila safari hii aliongeza kwamba asubuhi hiyo walikuwa hawasemezani.

"Mlikosana, mama?" mzee mmoja akauliza.

"Kuhusu viazi," akasema.

Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba wamesikia jambo la kawaida, na huenda ndivyo.

Jumatatu, Januari 20

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Bomba la jikoni limeganda. Nimelipulizia mashine ya kukaushia nywele saa nzima huku Bi Voss akinisomea maelekezo.

Nimemuuliza kuhusu viazi. Kumbe mkesha wa Krismasi wao hula soseji na saladi ya viazi baridi. Kwao Bi Voss, kusini, saladi hiyo hutiwa siki na mchuzi wa nyama. Kwao Bwana Voss, kaskazini, hutiwa mayonezi. Wameoana miaka hamsini na minne na kila mkesha Bi Voss huipika ya kwao, na kila mkesha Bwana Voss husukuma sahani na kusema hiki si chakula. Miaka hamsini na minne! Nilicheka mpaka nikaketi. Yeye hakucheka.

Jumamosi, Januari 25

Vijana, tisa, pamoja na gitaa. Mzee Philip akauliza.

Bi Voss akasema: "Ilikuwa Krismasi, mchana. Niliona shimo."

Krismasi ni tarehe ishirini na tano. Kwa Lloyd alisema ishirini na sita. Kwa akina mama alisema ishirini na sita. Niliinua uso kutoka kwenye thamosi, naye alikuwa akinitazama mimi, si wao. Vijana hawakugundua, walikuwa wanangoja kuimba.

Nimefundisha muda mrefu. Mtoto anayedanganya hubadilisha hadithi ili imfae. Huyu anaibadilisha na haimfai. Kila Jumamosi anavua nguo moja. Sijui atafika wapi na sitaki kuwa chumbani akifika.

Jumatano, Januari 29

Lloyd amekuja mjini kwa shughuli zake, akapita. Aliniuliza mimi peke yangu, jikoni, kama kuna lolote ninaloona haliko sawa.

Nilimwambia Bwana Voss alikuwa mkaidi.

Akaandika. Akaniachia namba yake. Siku thelathini zimebaki. Nimemdanganya mtu aliyenivulia kofia.

Jumamosi, Februari 1

Barabara zimeganda, Mzee Philip ameahirisha. Nilimwambia Bi Voss saa nne asubuhi. Hata hivyo saa nane alipanga vikombe, akavaa blauzi yenye kola, akaketi akiutazama mlango. Saa kumi na moja akavirudisha kabatini kimoja kimoja.

Mwaka wa kwanza nilimwona mwanamke huyu kuwa jiwe. Alikuwa akipima siagi yangu kwa jicho. Leo nilitamani kengele ilie, hata awe mtu aliyepotea njia.

Jumapili, Februari 2

Michelle kwenye simu. Anataka kujua kama huku shule wanavaa sare. Nikamwambia hapana. "Mum, hiyo ni poa sana." Ameshaanza kugawa sketi zake kwa binamu. Nikamwambia angoje. Akaniuliza angoje nini.

Jumamosi, Februari 8

Akina mama tena, kumi na wanane sasa. Bi Voss ametengeneza saladi ya viazi, mimi nikikata, yeye akitia siki. Mama mmoja aliionja akauliza kwa upole kama kuna namna ya kuipasha moto. Edwina alikula sahani mbili akamwambia, "Irmgard, hii tamu. Kwa nini hukuleta kwangu hata mara moja?" Bi Voss akasema, "Hukuwahi kuja."

Alipoulizwa, alieleza kwamba Egon alitoka nje mkesha, kufuata kuni. Kisha akasimama katikati ya sentensi, akasema amechoka. Akina mama wakamwimbia.

Alhamisi, Februari 13

Theluji imefika kwenye dirisha la chini. Hakuna basi, hakuna gari. Tumefungiwa sisi wawili kutwa nzima na nikaona siwezi tena.

Niliyatoa mabuti chini ya kitanda nikayaweka mezani, juu ya gazeti.

"Alivaa nini miguuni?" nikauliza.

Alikuwa akikata picha za gazeti kwa mkono wa kushoto. Aliweka mkasi chini.

"Slipa," akasema.

Akachukua mkasi tena. Halafu akaongeza, "Februari 28 nitatia sahihi barua yako. Ukisema au usiposema. Sinunui watu."

Heri angenitisha. Ningejua la kufanya na mtu anayenitisha. Nilirudisha mabuti chini ya kitanda, nikahesabu: siku kumi na tano. Nikajiambia nitasema Machi mosi. Bwana Voss yuko chini ya barafu kwa vyovyote, hatapata baridi zaidi. Ndivyo nilivyojiambia, na nimeandika hapa ili siku moja nisije nikajifanya sikusema.

Jumamosi, Februari 15

Theluji. Hawakuja.

Jumatano, Februari 19

Mzee Philip amepiga. Jumamosi ni ya kufunga matanga, watakuja wote.

Jumamosi, Februari 22

Niandike polepole.

Walikuwa thelathini na wawili. Waliketi hadi kwenye ngazi. Viatu vilijaa ukumbi na Bi Voss alikuwa amevipanga safu nne. Edwina alileta viti vyake mwenyewe, akilalamika kwamba amevikokota peke yake.

Mzee Philip akauliza. Bi Voss akasimama, akashika mgongo wa kiti. Akarudi kwenye zile sentensi tano za mwanzo. Tarehe ishirini na sita, ndoana, kigoda, shimo. Alizisema bila kosa hata moja. Nilipumua. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Siku sita zilikuwa zimebaki.

Ndipo Mzee Philip, ambaye huwa hasahau kipengele, akageuka. "Na kwa kuwa leo tunafunga, mtu aliyekuwa akimhudumia marehemu pia aongeze. Winfred, huwa uko jikoni. Leo simama. Tuambie unalolijua."

Nilisimama na thamosi mkononi. Watu thelathini na wawili, wengi wao wamewahi kunilisha na kunihifadhi. Nimemdanganya polisi, na nililala. Lakini pale, kwenye msiba, ukiulizwa marehemu alitutoka vipi, ni marehemu mwenyewe anayeuliza. Nilifungua mdomo. Sikujua litatoka lipi. Bado sijui lingetoka lipi, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

"Keti, Winfred," Bi Voss akasema.

Nikaketi.

"Huyu hajui kitu," akasema. "Mimi ndiye niliyefunga mlango."

Akaeleza. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, jua limeshatua. Bwana Voss alisukuma sahani. Akasema hiki si chakula, akatoka na slipa zake kufuata kuni barazani nje, huku akitukana. Naye akateremsha komeo ili mzee apoe hasira dakika tano. Akaketi karibu na jiko, redio ikiimba. Akasinzia. Alipoamka kulikuwa kumekucha na Bwana Voss ameketi kwenye rundo la kuni, amekauka.

"Simu haishiki kule. Ningeweza kuendesha gari. Lakini ningewaambia nini?" Akamlaza kwenye ubao wao wa kukokotea samaki juu ya barafu, akamvuta hadi ziwani. Shimo lilikuwa dogo. Ilibidi alipanue kwa msumeno, kutwa nzima ya Krismasi, na ndiko alikovunjikia mkono. "Wakati wote nilimsikia akinikosoa," akasema. "Egon hakuwahi kuridhika na namna ninavyoshika msumeno."

Mtu mmoja alicheka, akajifunika mdomo kwa leso.

Mzee Philip ameendesha misiba zaidi ya mia. Alitazama daftari lake, akalifunga, akasema kwa sauti ndogo, "Tuombe." Hakuna aliyefumba macho.

"Irmgard," Edwina akasema, "wewe umefanya nini?"

Bi Voss aliniomba ile namba, akampigia Lloyd mwenyewe, akatamka anwani herufi kwa herufi. Polisi wa mjini walichukua dakika arobaini kufika. Watu wangu hawakuondoka, maana nyumba ya msiba haiachwi kabla ya sala ya kufunga, na hakuna aliyejua sala ya kufunga jambo kama hili. Basi wakaosha vikombe. Polisi walipoingia walikuta akina mama wamejipanga kwenye sinki wakiimba kwa sauti ya chini, na ajuza katikati ya sebule amevaa koti, tayari.

Jumatatu, Februari 24

Lloyd amenipigia. Nikamwambia habari ya mabuti. Akasema, "Ungeniambia Januari." Nikasema ndiyo.

Jumanne, Februari 25

Wamemrudisha Bi Voss nyumbani. Ana miaka sabini na minane na mkono umevunjika. Mahakama imemwachia asubiri kesi nyumbani, mradi asikae peke yake. Wakili wake ananiambia mambo si mabaya sana. Kuficha mwili ni kosa, ndiyo. Lakini mlango ulikuwa ugomvi wa wazee na usingizi. "Kusinzia si kuua," akasema.

Kwa hiyo kazi ipo. Siku tatu.

Jumatano, Februari 26

Matone yanadondoka kwenye paa kutwa nzima. Nimemwogesha, nimemchana nywele. Nimemwonea huruma.

Ijumaa, Februari 28

Alitia sahihi saa nne asubuhi kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliisoma barua yote kabla, akanisahihishia koma moja. Nikaitia kwenye bahasha. Nilimshukuru mara tatu.

"Sasa huna cha kuniogopa," akasema, "na mimi sina cha kukushikia. Ni vizuri. Nimetaka kukuambia tangu Jumamosi, lakini ilibidi barua itangulie."

Nikamwambia apumzike.

"Sikusinzia," akasema.

Alizungumza akitazama kalamu. Bwana Voss aligonga. Kwanza kwa ngumi, kwa mkono wake mzima, akitukana. Kisha akaacha kutukana akagonga tu. Yeye alikuwa upande huu, hatua mbili kutoka kwenye komeo, na sahani mapajani. Redio ikamaliza nyimbo, ikaja taarifa ya habari, nyimbo zikarudi. Bado aligonga, sasa kwa kiganja.

"Alisema nini?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Alisema, 'Irmgard, basi, nitaila.'"

Aliitia kalamu kifuniko chake.

"Miaka hamsini na minne nilingoja aseme hivyo. Nikataka aseme tena. Akasema tena. Nikataka mara moja zaidi."

Nikaenda kuweka chai. Sikuwa na jambo jingine la kufanya na mikono yangu.

Jumamosi, Machi 1

Nimempigia Michelle asubuhi, kule ikiwa alasiri. Nilimwambia barua imetoka. Akapiga kelele mpaka dada yangu akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikamweleza lile lingine. Mtoto wa miaka kumi na sita hapaswi kuelezwa mambo hayo, lakini ni yeye niliyekuwa nikimnunulia safari kwa kunyamaza.

Nilimsikia akitoka nje ili dada yangu asisikie.

"Mum, na ukimwambia huyo polisi, barua itakuwaje?"

Nikasema sijui. Aliyeisaini atakuwa anashtakiwa kwa kuua, na mimi ni shahidi niliyeficha mabuti. Watu wa uhamiaji wanaweza kuitupa. Tunaweza kuanza upya, miaka miwili mingine, au tusianze kabisa.

"Na usipomwambia?"

"Hakuna atakayejua."

"Sisi tunajua, Mum," akasema. Halafu akaanza kulia, kwa sababu ya sketi, kwa sababu ya yule mzee, sijui, nami nikalia naye, tukapoteza dakika nyingi za simu bila neno.

Nilimpigia Lloyd saa tano, nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa mlango. Nilimwambia lote. Aliniuliza kama nimeliandika mahali. Nikasema ndiyo, kwa Kiswahili. Akaniuliza kama ninaweza kumsomea kwa Kiingereza, na nikasema ninaweza, hata sehemu zinazonihusu. Akasema basi nisiharibu ukurasa wowote, na barua pia aione. Anakuja.

Bi Voss alikuwa nyuma yangu, na fimbo ya marehemu mkononi. Sikumsikia akija.

"Ni polisi?"

"Ndiye."

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira. Nadhani alishangaa tu. "Ulikuwa na barua mkononi. Ungeondoka."

"Ningeondoka," nikasema. "Lakini tangu jana mlango anaougonga Bwana Voss ni wangu."